Maji Yaliyopewa Ruhusa

Jumamosi, 31 Mei

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya mafundisho ya kipaimara. Watoto wameshapata kipaimara chao, wametawanyika, na kurasa za nyuma zimebaki tupu. Padri Xavery akijua naandika humu atasema nimekula mali ya kigango. Na aseme.

Leo tulikuwa na mkutano wa bonde. Afisa wa mradi anaitwa Danstan, kijana wa viatu safi, alikuja kutueleza habari ya mabwawa ya majitaka yaliyopanuliwa kule mlimani, juu ya kijito chetu cha Nyamabuye. Yalikuwa mawili, sasa ni matano. Mji huko juu umekua: nyumba za wageni, hosteli, maduka mpaka kwenye mashamba ya mikaratusi. Vyoo vyao vinanyonywa na magari, magari yanamwaga bwawani, na maji yakishapita bwawa hadi bwawa yanatoka kwa bomba na kuingia kijitoni. Yaani kwetu.

Siwezi kusema hatukuyahitaji mabwawa. Miaka ya nyuma magari yalikuwa yanamwaga korongoni mchana kweupe, na tulizika watu kwa kuhara. Lakini wazee leo waligoma. Waliuliza mara tatu yale maji yatakayotoka ni maji gani. Kiswahili cha ofisini kinawapita, na Pancras, mwenyekiti wa kitongoji, akaniita mbele. "Katekista Avelina atafasili. Huu mladi ni wetu, tuuelewe." Miaka kumi na tisa namfasiria Padri mahubiri kwenda Kihangaza chetu, na Pancras miaka yote hiyo hajapatana na herufi r.

Danstan akasema: "Maji yatakayotoka yatakuwa yametibiwa."

Mimi nikasema yatakuwa *yakize*.

Wazee wakashusha pumzi. Mama mkwe wangu, Nyirabahizi, aliyekuwa mkali kuliko wote, akasema, "Kama ni hivyo, sawa," akainua mkono, na wengine wakamfuata. Pancras alinishukuru mbele za watu kwamba nimewaokolea asubuhi nzima. Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha. Wingu lilikuwa linajikusanya na nilikuwa nimeanika mihogo nyumbani, nikakimbia.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya Misa, Mama mkwe ametoa kibuyu chake. Humo ndimo anamoweka mbegu ya maharage, ndani ya majivu. Tunayaita kanyamanza: meusi yenye doa jeupe, jina la kandege keusi na keupe kanakotikisa mkia juu ya mawe ya kijito. Alipewa na mama yake siku alipoolewa. Dukani hayapo. Yanaiva upesi, na mchuzi wake ni mweusi kiasi kwamba wageni wanaukataa mpaka wauonje.

Desturi yake ni kupanda nusu na kuacha nusu kibuyuni. Husema mbegu haitoki nyumbani yote siku moja. Tangu nimeolewa hapa sijaona akivunja desturi hiyo, hata mwaka wa jua kali, hata mwaka aliokufa mwanawe, Yohanes wangu.

Leo amekimimina chote kwenye ungo.

"Mama, hubakizi?"

"Nibakize ya nini? Kiangazi hiki kijito hakitakauka, maji ya mjini yanakuja kila siku. Nami nimezeeka. Nataka nivune nyingi, nigawe kwa kila nyumba yenye mwanamwali."

"Lakini desturi yako..."

"Avelina, maji si yamepona? Ulisema wewe, mbele ya watu. Katekista anasema uongo?"

Tukacheka. Tumepanda mpaka saa kumi, matuta kumi na manne, kando kabisa ya maji.

Jumapili, 15 Juni

Yameota. Mama hakuja kanisani, ameshinda akiyaangalia.

Alhamisi, 26 Juni

Vumbi. Magari ya majitaka yanapanda mlima tangu asubuhi, moja likishuka jingine linapanda.

Alhamisi, 10 Julai

Sijapata kuona maharage kama haya. Majani mapana kama kiganja cha mwanamume, kijani kilichokolea mpaka kinakaribia weusi. Watu wanatoka vitongoji vya jirani kuja kutazama. Mama anapokea wageni bondeni kama mwenye arusi, hata kiti amekipeleka huko.

Danstan naye amefika na simu yake. "Shikamoo bibi. Simama hapo katikati." Akampiga picha Mama akiwa amezama mpaka kiunoni kwenye majani. Akasema hiyo ni mbolea ya bure itokayo kwenye maji, na picha itaingia kwenye taarifa ya mradi. Mama aliniuliza taarifa ni nini. Nikamwambia ni barua ndefu ya kujisifu. Akasema basi wamwandike jina lake vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepeleka nguo kijitoni nikarudi nazo. Kuna povu linalotembea, jeupe, halipasuki. Mawe yote yamevaa ute wa kijani, ukikanyaga unaanguka. Niliinua jiwe ambalo chini yake tangu zamani hukosi kaa. Nimekuta konokono watupu, wengi, wadogo. Hakuna kaa. Hakuna hata vile visamaki ambavyo watoto huvua kwa kanga.

Na kandege ketu hakapo. Nimekaa nusu saa nikingoja kaje katikise mkia. Hakakuja.

Watoto wawili wa mafundisho wana upele wa miguu. Nimewakataza kuoga huko. Mmoja akaniambia, "Lakini mwalimu, bibi amesema maji yamepona." Nikamwambia anyamaze, apake mafuta.

Jumatatu, 28 Julai

Nimepanda mabwawani mwenyewe. Saa nzima kwa miguu, na harufu inakupokea kabla hujafika nusu ya njia. Walikokata mlima kuchimba mabwawa mapya udongo uko uchi, mwekundu, umechanikachanika. Mvua ikija utashuka wote kwetu.

Mlinzi wa mabwawa ni Gidioni. Namfahamu: alikuwa mhudumu wa wodi hospitali kwa miaka mingi kabla ya kuchukuliwa na mradi. Ndiye anayefungua na kufunga lango la maji ya mwisho. Akanikaribisha kwenye ubao kivulini.

"Habari za huko chini, katekista?"

"Huko chini tunakula povu. Nieleze kazi yako, Gidioni, nami nielewe."

Akanieleza taratibu, na kwa lugha ya wodini, maana ndiyo aliyoizoea. Majitaka yakiletwa, yanalazwa bwawa la kwanza, uchafu unazama. Yanahamishwa la pili, la tatu, jua na vijidudu vinayafanyia kazi. Kila bwawa lina siku zake. Kwa jumla yanatakiwa yalazwe kama siku ishirini na tano ndipo yatoke.

"Na sasa yanalala siku ngapi?"

Akakuna kidevu. "Tisa. Kumi yakibahatika."

"Kwa nini?"

"Vitanda havitoshi. Walipanua wakahesabu mji wa miaka ile waliyochora. Mji haukusubiri. Sasa magari yanapanga foleni hapo getini, dereva anapiga honi, napigiwa simu kutoka ofisini: Gidioni, fungua. Nifanyeje? Nafungua. Nayapa ruhusa kabla hayajapona."

Alisema hivyo hivyo. *Nayapa ruhusa kabla hayajapona.* Kama anavyosemwa mgonjwa anayerudishwa nyumbani na kidonda kibichi kwa sababu mwingine yuko mlangoni amebebwa.

Nikaangalia bwawa la mwisho. Kwenye ukingo wa saruji walikuwapo wale kandege wetu, labda arobaini, wanatikisa mikia, wananenepa kwa inzi. Wamehamia mjini nao.

Sikuwa na hasira na Gidioni. Nilipokuwa nateremka ndipo nilipoketi njiani. Neno lake la mwisho, kupona, lilikuwa neno langu.

Jumamosi, 2 Agosti

Maharage ya jirani zetu wa mlimani, wasiomwagilia kwa kijito, yamebeba maganda. Ya Mama yanaongeza majani tu. Maua machache, yanaanguka. Mama anasema ni uvivu wa mbegu iliyoshiba, yatabeba.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda ofisini kwa Danstan. Nimevaa gauni la Pasaka ili nisikilizwe. Alinipokea kwa adabu, nasema kweli, akanipa kiti, akafunga mlango.

Nikamwambia kila kitu: povu, kaa, upele, siku tisa. Hakubisha. Alisema ameandika barua mbili kuomba mabwawa mengine, na kwamba bila haya yaliyopo mji mzima ungekuwa unamwaga korongoni kama zamani. Nikamwambia hilo nalijua. Nikamwambia na habari ya maharage, majani bila maganda. Akainamisha kichwa.

"Ni nitrojeni, mama. Ikizidi, mmea unakuwa na majani tu, unasahau kuzaa."

"Unasahau kuzaa. Na ulipopiga picha ulijua?"

"Nilidhani itakuwa kiasi."

Hapo nikapandwa na ghadhabu. Nikamwambia, "Mwanangu, ulisimama mbele ya wazee ukawaambia maji yatakuwa yamepona!"

Akanitazama kwa mshangao, si kwa ujeuri. "Hapana, mama. Sikusema hivyo. Nilisema yatakuwa *yametibiwa*. Kutibiwa si kupona. Nisingeweza kusema yamepona, ningefukuzwa kazi." Akavuta taarifa ya mkutano ule, akanionyesha. Yametibiwa. Wino mweusi. "Nani aliyesema yamepona?"

Nimesahau nilitokaje pale. Nakumbuka nilimwambia asante kwa kiti.

Jumanne, 12 Agosti

Sijalala vizuri. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimewafundisha watoto methali hiyo kwa fimbo.

Naandika ili niione. Kihangaza chetu kina maneno mawili. Kuna *yavuwe*, yaliyotibiwa, yaliyopewa dawa, ambayo yanaweza kupona au yakafa. Na kuna *yakize*, yaliyopona. Mgonjwa aliyevuwe unamwombea. Aliyekize unamchinjia kuku. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuyachanganya.

Mimi niliyachanganya. Neno lilinijia hivyo tu, nikiwa nimesimama mbele za watu. Inatokea hata kwa Padri.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimewaambia majirani wasinywe, wasioge. Wamenisikiliza kwa heshima, na jioni nimewaona wakiteka. Kisima kiko mbali, na neno la mkutanoni lina nguvu kuliko neno la uani.

Mama nimemwambia maji si mazuri. Sikumwambia kwa nini alidhani ni mazuri.

Jumapili, 24 Agosti

Leo nimemkuta Mama kwenye matuta, amepiga magoti, anafunua jani moja moja kutafuta maganda. Anafunua, anatazama, anarudisha jani taratibu kana kwamba limelala. Nikapiga magoti tuta la pili nikatafuta nami.  Wageni wa kutazama majani hawaji tena.

Jumanne, 2 Septemba

Gari la kampeni limepita. Nyimbo tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumevuna. Kwa matuta kumi na manne, maganda kumi na moja. Ndani punje zimesinyaa, nyingine zina ukungu. Mama amezimenya zote juu ya kanga, akazipanga, akazichagua mpaka zikabaki sita. Akaiuma moja kwa meno ya mbele, ikasagika kama unga. Hakuziuma nyingine. Amezifunga kwenye pindo la kanga.

Nimempigia Selestina, wifi yangu, aliyeolewa Nyabusozi huko Biharamulo. Siku ya arusi yake Mama alimpa kibaba kizima cha kanyamanza, kama naye alivyopewa.

"Ah, Avelina," akasema, "hayo tuliyaacha. Huku wanataka ya njano, ndiyo yanayonunuliwa. Ya mwisho tuliyapika mwaka ule wa njaa. Mwambie Mama anisamehe. Au usimwambie."

Mama alikuwa amekaa kando yangu na simu yangu inasikika mpaka nje.

Jumamosi, 13 Septemba

Benaco, sokoni. Nimepita kila gunia. Ya njano, mekundu, ya madoadoa, meupe. Muuzaji mmoja mzee alinisikiliza nikiyaeleza, akatabasamu, akasema mama yake alikuwa nayo, mchuzi mweusi, alikuwa anawapikia hata wakimbizi mwaka ule wa tisini na nne. Nikamwuliza yako wapi sasa. Akanyoosha mikono, akaniuliza kama nitachukua ya njano.

Jumapili iliyopita nilipeleka salamu mpaka kwetu Murukulazo. Majibu ni yale yale. Wanalikumbuka jina.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua ya kwanza. Udongo wa mlima uliokatwa umeshuka kama nilivyosema, kijito kimekuwa chekundu, povu limekuwa la waridi. Mama amezifukia zile punje sita karibu na jiko, ambako anamwaga maji ya kisima.

Jumanne, 30 Septemba

Zimeoza. Zote sita. Amezifukua mwenyewe kwa kidole.

Jumapili, 12 Oktoba

Injili ya leo ni ya wakoma kumi. Naijua kwa moyo. Padri Xavery husoma kipande, mimi nafasiri kipande. Tukafika pale: "Na mmoja wao alipoona kwamba amepona, akarudi."

Nikanyamaza. Padri akadhani sikusikia, akarudia.  Mama alikuwa benchi la pili, mikono juu ya fimbo. Nikalisema. *Yakize.* Yule wa Injili alikuwa amepona kweli, na nikaona niliseme mara moja mahali linapostahili. Lakini nilimwona Mama akiinua macho na kunitazama, akilisikiliza neno lile kama mtu anayesikia mlango unagongwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mkutano wa pili wa bonde. Danstan amekuja na mchoro: mabwawa mengine mawili, bomba pana zaidi. Viatu leo vilikuwa na tope. Aliongea vizuri na kwa ukweli zaidi ya mara ya kwanza, lakini kwa Kiswahili kile kile. Na Pancras, kwa sababu hajui lolote, akaita: "Katekista atufasilie."

Nikasimama. Danstan akanitazama, na nadhani aliniogopa kidogo.

"Maji yatatibiwa zaidi," alisema.

Nikasema kwa Kihangaza: *Yaravuwe, ariko ntarakira.* Yametibiwa, lakini hayajapona. Nikasema tena, polepole. Nikawaeleza siku ishirini na tano na siku tisa. Nikawaambia mwezi wa tano niliwapa neno ambalo afisa hakulisema, kwamba lilikuwa langu mimi, na kwamba kila aliyeteka na kila aliyepanda alifanya hivyo kwa neno langu. 

"Mama katekista," Danstan akasema taratibu, "mimi nilisema maneno matatu. Hayo yote ni nini?"

"Ni maneno yako matatu," nikamjibu, "pamoja na deni langu."

Vijana wakaguna. Mtu akasema tulijua tu. Hawakujua. Pancras akataka twende kwenye kura upesi, mladi usije ukaenda kwa wengine.

Ndipo Mama Nyirabahizi akasimama kwa fimbo yake. Wakanyamaza, maana wote walimwona akivuna majani. Hakumtazama Danstan. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza chumvi iko wapi.

"Hilo neno la leo, yavuwe. Mwezi wa tano ulikuwa nalo?"

Ningeweza kusema lilinipotea. Nimeliandika hivyo humu humu, kurasa chache nyuma, na kila nikilisoma linanuka. Wazee walikuwa wameuliza mara tatu. Nikisema *yavuwe* wangeuliza mara ya nne: yametibiwa na nani, yakapona? Ingefika saa saba. Nilikuwa nayo maneno yote mawili mdomoni, nikachukua lile litakalomaliza mkutano.

"Nilikuwa nalo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Akageuka, akapita katikati ya watu, akashika njia ya nyumbani bila kungoja kura. Mikono iliinuka michache, Pancras akaiona mingi.

Nimerudi nimekuta kibuyu kiko juu ya meza yangu, kimeoshwa, kimekauka. Mama amefunga mlango wake. Nimekaa nacho nikaikumbuka ile asubuhi ya Mei, nilivyokimbia kuteremka, wingu nyuma yangu. Ile mihogo niliyoikimbilia ilinyeshewa hata hivyo.